Kurasa za PDF ndani ya kitabu cha mkutano mkuu: zipi uzipachike nzima na zipi uchote maneno yake

Swali limetoka kwa karani wa chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Anaandaa kitabu cha mkutano mkuu wa mwaka, cha ukubwa wa A5, kwa kutumia InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa. Karibu kila alichokabidhiwa ni PDF: hesabu zilizokaguliwa, taarifa ya mwenyekiti, kumbukumbu za mkutano uliopita ambazo ziliskaniwa, na matangazo ya wafadhili. Kitabu cha mwaka jana nacho kipo kama PDF tu, kwa sababu aliyekipanga aliondoka na faili zake asilia. Anaeleza kwamba akinakili maneno, mistari inakatika ovyo, herufi nyingine zinapotea na majedwali yanavurugika. Akitumia amri ya Place, yaani ya kuingiza faili ya nje, ukurasa unaingia lakini una ukungu na haumruhusu kubadilisha hata neno moja. Anauliza kama ipo programu moja ya kuzigeuza zote kwa pamoja.

Ndugu karani, programu za kugeuza zipo, nami nitazitaja mbele, lakini nakuomba usianze nazo. Ulizo nazo mkononi ni kazi tano tofauti zilizovaa sare moja, na kila moja ina njia yake. Kwa kila ukurasa jiulize kwanza maneno yaliyomo ni ya nani, na kama una mamlaka ya kuyagusa. Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha kama ukurasa upachikwe mzima au uchotwe maneno, na litakuepusha na hasara kubwa kuliko ukungu unaouona kwenye kioo.

Inafaa pia ujue kwa nini PDF inakusumbua. Adobe iliitoa mwaka wa 1993, kutokana na mradi ambao John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, aliuandikia waraka mwaka wa 1991 na kuuita Camelot. Shabaha ilikuwa ukurasa uonekane na uchapike vilevile kwenye kompyuta yoyote, hata ile isiyokuwa na fonti zilizotumika. Hilo lilifanikiwa, na tangu 2008 PDF imekuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Lakini ili ukurasa usibadilike, faili huhifadhi maagizo ya kuchora tu: weka umbo hili la herufi mahali hapa, kwa ukubwa huu, kwa rangi hii. Mara nyingi haihifadhi kwamba mistari sita ni aya moja, wala kwamba namba kumi na mbili ni safu moja ya jedwali. Hata nafasi kati ya neno na neno wakati mwingine haimo. Programu inayosoma hukisia kwa kuangalia pengo. Ugali ukishasongwa haurudi kuwa unga, na kila programu inayodai kuurudisha inakisia.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupiga simu. Taarifa ya mwenyekiti iliandikwa mahali fulani kabla ya kuwa PDF, na yaelekea Word au Google Docs ndiyo iliyotumika. Mwombe katibu akutumie faili hiyo. Ukiipata, utaiingiza kwa Place ukiwa umeweka alama kwenye Show Import Options, uoanishe mitindo ya Word na mitindo yako ya aya, na sehemu kubwa ya mateso uliyoyaeleza haitakuwepo. Nimeona watu wakikesha siku mbili wakisafisha maneno ya PDF ilhali faili asilia ilikuwa kwenye ofisi ya jirani, kwa sababu tu hakuna aliyeiulizia.

Kwa zile zitakazobaki PDF, zichunguze kabla ya kuzitumia. Fungua faili katika Acrobat Reader, bonyeza Ctrl na D, kisha soma ukurasa wa Fonts. Ukikuta orodha ya fonti zenye maneno Embedded Subset, maana yake herufi zimo ndani, ingawa ni zile tu zilizotumika kwenye waraka huo. Ukikuta orodha tupu, yaelekea una picha za kurasa. Jaribio lingine ni kukuza ukurasa hadi asilimia 400 na kutazama ukingo wa herufi moja, tuseme mkia wa herufi y. Ukingo ukibaki laini, hayo ni maandishi halisi au maumbo yaliyochorwa, si picha. Ukionekana kama ngazi za vijiraba, hiyo ni picha, na hakuna neno la kunakili ndani yake.

Sasa hesabu zilizokaguliwa. Hizi usizipige chapa upya, usizigeuze, wala usizipitishe kwenye programu yoyote ya kukisia. Ni waraka uliotiwa saini na mkaguzi, na mwanachama ana haki ya kuusoma kama ulivyotiwa saini. Tarakimu moja ikihama safu, au mabano yanayoonyesha upungufu yakidondoka, kitabu chako kitasema jambo ambalo mkaguzi hakulisema, na mkutano mzima utakwama hapo. Kutoweza kubadilisha neno baada ya kutumia Place, jambo ulilolilalamikia, kwa kurasa hizi ndiyo faida yenyewe.

Ule ukungu usikutie hofu. InDesign hukuonyesha picha hafifu ya ukurasa ili kompyuta isilemewe. Chagua High Quality Display katika menyu ya View na herufi zitakaa sawa. Katika faili ya mwisho herufi zinatoka kwenye PDF ya mkaguzi yenyewe, kwa ukali wake wote, mradi InDesign iweze kuifikia. Haiimezi PDF ile, inaielekea tu ilipo. Ukiihamisha au ukibadilisha jina la folda, kiungo kinakatika na kinachochapwa ni ile picha hafifu. Weka PDF zote katika folda moja ya kazi kabla ya kuanza, na angalia paneli ya Links kila unapofungua kitabu.

Ugumu halisi wa hesabu hizi ni ukubwa. Mkaguzi ametumia A4, nawe una A5. Ukipunguza ukurasa mzima utoshee, unabaki na takriban asilimia 71, na herufi ya pointi 10 inakuwa ya pointi 7. Maelezo ya chini ya jedwali, ambayo mara nyingi ni ya pointi 8, yanashuka hadi chini ya 6. Wazee wetu wanaokaa viti vya nyuma ukumbini hawatayasoma, na hao ndio hasa wenye akiba kubwa na maswali mengi. Hapa kuna njia ambayo wengi hawaijui. Unapopachika, weka alama kwenye Show Import Options, na penye Crop to uchague Bounding Box. InDesign itakata ule weupe wa pembeni na kubakiza maandishi peke yake. Kama mkaguzi aliacha pambizo za milimita 25 kila upande wa karatasi ya milimita 210, maandishi yana upana wa milimita 160. Ukiyaingiza katika nafasi ya milimita 124 kwenye A5 yako, unapunguza hadi asilimia 77 na nusu, na ile pointi 10 inabaki karibu 7.8. Tofauti hiyo inaonekana kwa macho.

Tahadhari moja inafuatana na njia hiyo. Kwa kuwa kila ukurasa una maandishi ya upana wake, ukiiachia InDesign ijaze fremu yenyewe, ukurasa wa mizania utakuwa na herufi za ukubwa mmoja na ukurasa wa mapato utakuwa na nyingine. Tafuta ukurasa wenye jedwali pana kuliko yote, uone asilimia inayotosha, kisha uandike asilimia hiyohiyo kwa mkono kwenye kurasa zote. Na kama kamati yenu bado haijafunga mlango, ningependekeza kwa nguvu kitabu kiwe A4. Kurasa zitapungua, na hesabu zitasomeka kama zilivyotoka kwa mkaguzi.

Kuhusu weusi wa herufi: PDF iliyotoka Word inaweza kuwa na weusi wa RGB, yaani rangi za kioo cha kompyuta, na ukiibadilisha kuwa CMYK, yaani wino nne za uchapaji, kwa wasifu wa rangi wa SWOP ambao programu za Adobe huja nao, weusi huo hugeuka mchanganyiko wa C75 M68 Y67 K90. Herufi ndogo ya pointi 7 ikichapwa kwa wino nne, karatasi ikiteleza kidogo tu mashinini unapata kivuli cha rangi kuizunguka kila tarakimu. Fungua paneli ya Separations Preview, uzime bamba la Black, yaani wino mweusi. Herufi zikitoweka zote, uko salama. Zikibaki na rangi ya matope, itengeneze nakala ya PDF ya mkaguzi na uigeuze kuwa rangi ya kijivu kwa Acrobat Pro, uipachike hiyo, huku asilia ukiihifadhi bila kuigusa. Kugeuza rangi hakubadilishi tarakimu, lakini pitia kila ukurasa kuhakikisha mihuri na saini bado zinaonekana.

Taarifa ya mwenyekiti ni jambo jingine kabisa. Maneno haya ni ya chama, yanahitaji kupangwa upya kwa fonti ya kitabu, na hapa ndipo utakapochota. Ikiwa faili ya Word imepotea kweli, Acrobat Pro inaweza kuisafirisha PDF kwenda Word, na LibreOffice Draw inaifungua bila malipo, ingawa mara nyingi kila mstari huwa kisanduku chake peke yake. Kwa taarifa ya kurasa nne mimi hunakili tu na kubandika kwenye faili tupu ya maandishi, kisha ninasafisha.

Kuna kosa moja ambalo nataka ulitazame kwa karibu, kwa sababu Kiswahili kinalificha vizuri kuliko lugha nyingi. Fonti nyingi zina herufi pacha, yaani umbo moja linalosimama badala ya herufi mbili zinazogusana, na iliyo maarufu zaidi ni ya f na i. Ndani ya PDF kuna jedwali linaloeleza kila umbo ni herufi gani. Jedwali hilo likiwa na kasoro, umbo la fi halina tafsiri, na ukinakili linadondoka kimyakimya. Mkaguzi alifika ofisini anakuwa Mkaguzi alika osini. Neno osini utaliona mara moja. Lakini alika ni neno halali la Kiswahili, na jicho linapita juu yake. Fonti ya Calibri ina pacha ya t na i, na pacha hiyo ikidondoka, Kamati ya Mikopo inakuwa Kama ya Mikopo na katibu anakuwa kabu. Miaka kadhaa iliyopita niliandaa kijitabu cha kumbukumbu ambamo sentensi Chifu alifika wazee wakiwa wamekusanyika ilichapwa Chifu alika wazee wakiwa wamekusanyika. Tulikuwa wasomaji watatu, na hakuna aliyeiona hadi vijitabu viligawiwa. Tangu siku hiyo, kwa kila maneno niliyoyatoa kwenye PDF, nahesabu kwanza kwa macho fika, safi, rafiki, ofisi, kamati na katibu kwenye kurasa za PDF, kwa kuwa utafutaji ndani ya PDF hutumia jedwali lilelile lenye kasoro, kisha nayatafuta katika maandishi yangu na kulinganisha idadi. Idadi zisipolingana, najua pacha zimedondoka na nasoma neno kwa neno.

Aina nyingine ya kosa hilo ni pacha kuingia kama alama moja ya Unicode, mfumo wa kuzipa herufi namba, yenye namba FB01. Neno linaonekana sawa, lakini ukitafuta fika halipatikani, na ukibadilisha fonti linaweza kuwa kijisanduku. Hilo ni rahisi: nakili alama hiyo, itafute kote, na uweke f na i za kawaida mahali pake. Angalia pia kibainishi cha ng'ombe na ng'ambo, ambacho PDF moja inaweza kuwa nacho katika maumbo mawili au matatu. Chagua moja na ulitumie kitabu kizima. Na kama orodha yenu ya wanachama ina majina ya Kikuyu au Kikamba yaliyoandikwa kwa ĩ na ũ, bandika majina machache kwenye Notepad kwanza. Faili za zamani wakati mwingine zilitumia fonti zilizochezewa, ambapo jicho linaona ũ lakini ndani kuna alama nyingine kabisa. Yakitoka tofauti, usiyakisie. Jina la mtu lipigwe chapa upya kutoka kwenye daftari la wanachama.

Mistari iliyokatika inarekebishika kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio muhimu. Fungua PDF upande mmoja, na katika maandishi yako, mwishoni mwa kila aya ya kweli, uandike alama isiyotumika kwingine, kwa mfano @@@. Taarifa ya kurasa nne haina aya nyingi, itakuchukua dakika chache. Kisha, katika Find/Change ya InDesign, tafuta kistari kinachofuatwa na ^p, alama ya mwisho wa aya, na uvifute vyote viwili, ili wana-chama irudi kuwa wanachama. Fanya hivi moja baada ya nyingine, si zote kwa pamoja, kwa sababu 2024-2025 iliyokatikia mwisho wa mstari inahitaji kistari chake. Baada ya hapo badilisha kila ^p iwe nafasi moja, na mwisho badilisha @@@ iwe ^p. Ukianza kwa kufuta ^p kabla ya kuweka alama, aya zote zitaungana kuwa moja na utaanza upya.

Picha iliyomo ndani ya taarifa usiipige kwa kioo cha kompyuta. Programu ndogo ya bure iitwayo pdfimages, iliyo katika kifurushi cha Poppler, huzitoa picha kama zilivyo. Ukiandika amri yake pamoja na -list, itakuonyesha kila picha ina pikseli ngapi na nukta ngapi kwa inchi. Picha ya upana wa pikseli 1200, kwa nukta 300 kwa inchi, inatosha inchi 4 tu, yaani sentimita 10 na kidogo. Kuijaza A5 kwa upana unahitaji pikseli kama 1750. Ikiwa picha inatoka na mandhari nyeusi na kando yake kuna faili nyingine ya kijivu, hiyo ya pili ni kinyago cha uwazi, na utahitaji zote mbili.

Kumbukumbu zilizoskaniwa zinahitaji kusomwa na mashine. Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kuachiwa huru mwaka wa 2005, ina data ya Kiswahili kwa kifupi swa, na programu ya OCRmyPDF huitumia kuongeza maandishi nyuma ya picha. Skani iwe ya nukta 300 kwa inchi. A4 ya hivyo ina pikseli 2480 kwa 3508. Ikiwa ya kwenu ni hafifu kuliko hapo na karatasi ipo kabatini, skani upya. Tarajia m kusomwa kama r na n, na moja kuchanganywa na herufi l. Namba zilizomo kwenye maazimio zisome kwa sauti na mwenzako akiwa ameshika karatasi. Njia hii pia inakufaa kwa PDF ambayo jedwali lake la herufi limeharibika, kwa kuwa mashine inasoma umbo linaloonekana na si kilichofichwa ndani.

Matangazo hayana mengi. Yapachike yalivyo, na kwa tangazo la ukurasa mzima chagua Bleed penye Crop to, ili ile milimita 3 inayozidi mstari wa kukatia isibaki nje. Ukichagua Trim, kisu kikikosea kidogo utapata utepe mweupe ukingoni. PDF ikidai neno la siri, mwombe mwenye tangazo.

Kinachobaki ni sura ya kitabu cha mwaka jana. Hapa ndipo zinapoingia PDF2ID ya Recosoft na PDFMarkz ya Markzware, ambazo hugeuza PDF kuwa faili ya InDesign. Kazi zao si mbaya, lakini utakachopata ni fremu nyingi na mitindo ambayo hakuna aliyeipanga, na kwa kitabu mtakachokitoa kila mwaka huo ni msingi dhaifu. Ningekushauri upachike ukurasa mmoja wa mwaka jana kwenye tabaka (layer) lake, uufifishe hadi asilimia 30, ulifunge tabaka, kisha ujenge juu yake kurasa mama, pambizo na mitindo yako mwenyewe. Ukimaliza, futa tabaka hilo. Mwakani utakuwa na faili asilia iliyo mali ya chama.

Kwa wasiotumia InDesign: Affinity Publisher inafungua PDF kwa kuhariri na pia inaweza kuipitisha bila kuigusa, ila hakikisha umechagua Passthrough na si Interpret kwa hesabu za mkaguzi. Scribus huipokea PDF ndani ya fremu ya picha, lakini wakati wa kusafirisha inaweza kuigeuza kuwa pikseli usipoiagiza kuijumuisha nzima. Mafundi wengi wa uchapaji wa River Road hutumia programu ya kuchora ya CorelDRAW. Wakiuliza kama maandishi ya PDF yaingie kama Text au Curves (maumbo yaliyochorwa), waambie Curves kwa hesabu, kwa sababu Text bila fonti husika hubadilisha umbo na kusogeza tarakimu.

Safirisha kitabu kama PDF/X-4, aina ya PDF ya kazi za uchapaji, isipokuwa kiwanda kiwe kimeomba PDF/X-1a kwa sababu ya mashine za zamani. Kabla ya kukipeleka, chapa kwenye printa ya ofisi ukurasa mmoja wa mizania kwa ukubwa halisi, bila kupunguza, umpe mwanachama mmoja mzee asome jumla ya mali na ile namba ndogo ya maelezo iliyo kando yake. Akishindwa, bado una nafasi ya kurudi kwa kamati na ombi la A4.